Dawa ya thairoidi nameza kila siku, majibu ya damu yamenyooka, mbona uzito haushuki?

#1 Binti wa Menengai (Nakuru)
Hamjambo wanajamvi. Nina umri wa miaka 41. Mwezi wa Februari mwaka jana, baada ya karibu mwaka mzima wa kuhisi baridi hata jua likiwaka, sauti kukwaruza na nywele kubaki kwenye kitana, nilipimwa damu nikaambiwa kwamba tezi yangu ya thairoidi imezembea. TSH yangu, yaani homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi na ambayo hupanda tezi ikizembea, ilikuwa 38, na karatasi yenyewe ilionyesha kwamba kikomo cha kawaida ni kama 4. Nilianzishiwa levothairoksini, kidonge kinachojaza pengo la homoni ya tezi, ya maikrogramu 50, ikapandishwa hadi 100, na mwezi uliopita TSH ilikuwa 2.3. Daktari alifurahi, nami nilifurahi hadi nilipopanda mizani.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na kilo 71. Siku niliyoanza dawa nilikuwa na 84. Leo nina 81. Nikienda kwetu, shangazi zangu husema nimenawiri na kwamba ndoa imenikubali, ilhali mimi ndiye nijuaye ninavyosimama mara mbili kupumua ninapopanda ngazi za kazini. Dai langu ni hili, na anayeweza kulipinga alipinge: thairoidi ikishalala, mwili haupati tena nguvu ya kuchoma chakula kama zamani, hata umeze vidonge vya duka zima.

#2 Mzee wa Kondele (Kisumu)
Binti yangu, usizidharau hizo kilo tatu. Pakiti ya unga wa ugali ni kilo mbili. Maana yake umetua pakiti moja na nusu uliyokuwa ukitembea nayo usiku na mchana bila kuipika.

#3 Mfamasia wa Ziwani (Kisumu)
Kabla hatujamlaumu mtu wala tezi, ningependa kujua jambo moja. Je, kidonge hicho unakimeza saa ngapi, na unakiteremsha kwa nini?

#4 Binti wa Menengai
Nakimeza saa kumi na moja na nusu asubuhi, kwa chai. Chai yetu huchemshwa pamoja na maziwa na kuwekwa kwenye chupa, na asubuhi za Julai hapa Nakuru sioni mtu mwenye akili timamu akianza siku kwa maji baridi. Hapo hapo humeza na vidonge vya kuongeza damu, ili nimalize dawa zote kwa mara moja.

#5 Mfamasia wa Ziwani
Nilishuku. Levothairoksini ni dawa yenye maringo: inataka tumbo tupu, maji matupu, na nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au chakula. Kalsiamu ya kwenye maziwa na madini ya chuma ya kwenye vidonge vya damu huishika tumboni isipenye kuingia kwenye damu, na ndiyo sababu vidonge vya damu hutakiwa kutenganishwa nayo kwa muda wa saa nne. Wewe umevikutanisha vyote kwenye kikombe kimoja. Huenda sehemu kubwa ya hizo maikrogramu 100 imekuwa ikiishia chooni.

#6 Mwalimu wa Bungoma
Kwa heshima zote, ndugu mfamasia, hesabu hiyo hainiingii. Kama TSH yake ni 2.3, basi dawa inayofika kwenye damu inatosha, iwe imepitia kwenye chai au kwenye maji. Daktari alipandisha dozi hadi damu ikatulia, kwa hiyo chai ilikwisha kuhesabiwa humo ndani bila yeye kujua. Chai inaweza kueleza kwa nini alihitaji 100 badala ya 75, lakini haiwezi kueleza kwa nini uzito umekataa kushuka.

#7 Mfamasia wa Ziwani
Mwalimu, hapo umenifunga goli na ninalikubali. Ila usimwambie kwa hilo kwamba aendelee na chai, maana kikombe cha leo na cha kesho havilingani maziwa. Nawe dada, ukianza kesho kumeza kwa maji matupu, dawa itapenya kwa wingi kuliko ulivyozoea na dozi ile ile inaweza kukuzidi. Mweleze daktari, kisha upimwe tena baada ya wiki sita hivi. Dawa hii hupungua mwilini polepole, nusu yake kwa takriban siku saba, kwa hiyo kupima kabla ya hapo ni kutupa pesa.

#8 Sista Mstaafu (Kakamega)
Nimefanya kazi wodini miaka mingi na ningependa tuanze na swali ambalo limerukwa: katika kilo zile 13 alizoongeza, ni ngapi zilizokuwa za thairoidi?

Watu wengi huamini kwamba thairoidi ikizembea mtu hujaa mafuta. Ukweli ni kwamba uzito mwingi unaoletwa na ugonjwa wenyewe ni chumvi na maji ambayo mwili umeyazuia. Ndiyo maana uso hujaa, kope huvimba asubuhi, pete hugoma kutoka kidoleni, na ukibonyeza muundi kwa kidole hakubaki shimo kama la mgonjwa wa moyo. Kwa kawaida mzigo huo ni kama kilo mbili hadi nne na nusu, ingawa mtu aliyekaa muda mrefu bila matibabu anaweza kuzidi hapo. Dawa ikishafanya kazi, maji hayo huondoka. Hizo kilo tatu zilizokwenda, binti, huenda ndizo deni lote ambalo thairoidi ilikuwa ikidaiwa.

Kumi zilizobaki zina mwenyewe mwingine, na sijui ni nani. Huenda ni ule mwaka uliokaa umechoka bila kutembea huku ukila kama unayetembea. Huenda ni umri, kwa sababu kuanzia miaka ya arobaini misuli huanza kupungua. Unatumia sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu? Baadhi ya wanawake huongezeka uzito kwayo, tena kwa kiasi cha kuonekana. Usingizi je? Hayo yote hayaandikwi kwenye karatasi ya TSH.

#9 Binti wa Menengai
Asante, Sista. Sindano niliichoma kwa miaka mitatu na nikaacha kabla ya kuanza dawa hii. Sikuwahi kuihusisha na uzito.

#10 Mkimbiaji wa Iten
Mnazunguka mbuyu. Huku kwetu kwenye mita 2,400 hakuna anayeuliza TSH ya mtu. Dada apande Menengai kila Jumamosi alfajiri, afike ukingoni, ashuke, na kwa miezi mitatu hizo kilo kumi zitabaki huko huko shimoni.

#11 Cherehani ya Manyatta (Kisumu)
Ndugu wa Iten, maneno hayo huyasema mtu ambaye hajawahi kuamka na miguu ya zege. Thairoidi ikiwa chini, misuli huuma, magoti huuma, na ngazi tatu ni mlima. Ukimtuma mtu wa namna hiyo Menengai kabla dawa haijamshika, utamletea machela.

Mimi ni fundi wa nguo na nina kisa changu. Nilifanyiwa upasuaji wa goita, tezi ikatolewa yote, na tangu hapo dozi yangu ni 125. Uzito ulipokataa kushuka nilipata wazo ambalo nililiona la busara sana wakati huo: kama kidonge ndicho kinachochoma, basi viwili vitachoma mara mbili. Arusi ya ndugu yangu ilikuwa imebaki miezi miwili. Nilianza kumeza dozi mbili bila kumwambia mtu, na dawa ilipokwisha kabla ya wakati nilimdanganya mwenye duka kwamba nimeipoteza kwenye matatu.

Nilipungua kilo sita. Watu walinisifu. Lakini usiku moyo ulikuwa ukienda mbio kama cherehani ya mota mtu anapousahau mguu juu ya kanyagio, jasho lilinitoka nikiwa nimeketi, na niligombana na kila mteja. Siku iliyonirudisha kwenye akili zangu ni siku ambayo sikuweza kutunga sindano. Nilikuwa nimeshika uzi mweupe dirishani kwenye mwanga mzuri, mkono unatetemeka, ncha inapita kando ya tundu, nailowesha kwa mate, inapita tena. Kazi ya miaka kumi na saba, nikamwita mtoto wa jirani anitungie. Nilipopimwa, TSH ilikuwa imeshuka hata mashine haikuweza kuisoma. Nilirudishwa kwenye dozi yangu, na zile kilo sita zikarudi kabla ya Krismasi, zote, kwa mpangilio.

#12 Sista Mstaafu
Fundi, nakushukuru kwa kuyasema hadharani, kwa sababu ninajua wapo wanaosoma uzi huu wakiwa na wazo lile lile. Homoni ya thairoidi ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa muda mrefu hula mifupa, hasa ya mwanamke aliyekoma hedhi. Wala kilo zinazoondoka hivyo si mafuta peke yake, kwa maana misuli nayo huliwa. Asiye na ugonjwa wa thairoidi kabisa na anayenunua vidonge hivi ili apungue anacheza mchezo ule ule.

#13 Mkimbiaji wa Iten
Nimekosolewa na nimesikia. Sikujua habari ya misuli kuuma. Hata hivyo, bado ninaamini kwamba atakapopata nafuu kutembea kutamsaidia.

#14 Mzee wa Kondele
Mimi nadhani tatizo ni Nakuru kwenyewe. Sisi wa ziwani hatuna magonjwa haya kwa sababu tunakula samaki, na samaki wana madini ya iodini. Dada ahamie huku, ale omena kwa ugali wa mtama, arudi akiwa na kilo zake 71.

#15 Cherehani ya Manyatta
Mzee, kutoka Kondele hadi kwangu Manyatta ni mwendo wa miguu. Goita yangu niliipatia wapi, Mombasa?

#16 Mwalimu wa Bungoma
Mzee wetu amechanganya bahari na ziwa. Samaki wenye iodini nyingi ni wa maji ya chumvi. Ngege, mbuta na omena wa Ziwa Viktoria ni chakula kizuri mno kwa protini, na omena kwa kalsiamu, lakini iodini yao ni ndogo. Iodini yetu hapa Kenya huja kupitia chumvi ya mezani, ambayo sheria imetaka itiwe madini hayo tangu 1978. Zaidi ya hapo, upungufu wa iodini si sababu pekee. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe ndiyo huishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa mwaka wa 1912 na daktari Mjapani aitwaye Hashimoto, na mgonjwa wa namna hiyo akijazwa iodini kupita kiasi anaweza hata kuzidiwa.

#17 Mzee wa Kondele
Mwalimu, sikukataa kufundishwa, ila omena siachi.

#18 Mboga za Busia
Hakuna aliyetaja sukuma wiki, kabichi na muhogo. Mimi niliambiwa niviache vyote kwa sababu vinaizuia tezi kutumia iodini, na huku kwetu ukimwambia mtu aache unga wa muhogo umemwambia aache kula.

#19 Sista Mstaafu
Ulitishwa bure kwa sehemu kubwa. Mboga zikipikwa nguvu hiyo hupungua, na kwa mtu anayepata chumvi yenye iodini, sahani ya kawaida ya sukuma haina neno. Muhogo unataka kulowekwa na kukaushwa sawasawa, jambo ambalo mama zetu walilijua kabla ya maabara. Tena kwa yule ambaye tezi imetolewa na anaishi kwa kidonge, kabichi itaizuia tezi ipi?

#20 Mizania ya Jikoni (Kitale)
Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Naomba nisieleweke vibaya, lakini kuna hesabu ambayo haijafanywa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Mimi nilidhani natia kijiko kimoja kwenye mboga, hadi siku nilipoyapima yale niliyozoea kumimina moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu cha plastiki, nikapata vijiko vinne na kidogo. Mboga ile ile ya sukuma tunayoisifu kwa wepesi ilikuwa imebeba karibu kalori 500 kabla ya kuwekewa ugali. Chai nayo: vikombe vinne kwa siku, sukari vijiko vitatu vidogo kila kimoja, ni vijiko kumi na viwili, na kila kijiko kina kama kalori 16. Hiyo inakaribia 200, bila maziwa. Sisemi kwamba dada anadanganya. Nasema kwamba mimi nilikuwa nikijidanganya nikiwa na thairoidi nzima.

#21 Cherehani ya Manyatta
Hesabu yako ni ya haki, lakini ujue inavyotua masikioni mwa mgonjwa. Kwa miaka miwili kabla ya kugunduliwa ugonjwa wangu, niliambiwa katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kwamba nakula usiku watu wakilala. Nilikuwa nikila mlo mmoja. Kwa hiyo mtu akinitajia kijiko cha mafuta, kwanza masikio hunifunga, kisha ndipo nisikilize.

#22 Mizania ya Jikoni
Samahani, mama. Nimelipokea.

#23 Dereva wa Usiku (Nakuru)
Wanaume pia tupo. Mimi nilikuwa na hakika kwamba ni thairoidi, kwa sababu nilichoka, nilinenepa na nilisinzia usukani mikononi. Nilipimwa, TSH ikawa sawa kabisa. Mke wangu ndiye aliyemweleza daktari kwamba ninakoroma hadi pumzi inakatika. Dada, kuna anayelala karibu nawe akuambie unavyolala?

#24 Kitana cha Vihiga
Nimerudi kwenye jambo la kwanza kabisa alilosema dada, yaani nywele kubaki kwenye kitana. Mimi nilipopatwa na hilo nilinunua vidonge vya nywele na kucha, vile vyenye vitamini iitwayo biotini kwa wingi. Miezi michache baadaye TSH yangu ilitoka nzuri ajabu huku mimi najihisi nimekufa nusu. Mhudumu wa maabara ndiye aliyeniuliza kama ninameza biotini, kwa kuwa huchanganya baadhi ya mashine na kuionyesha TSH kuwa chini kuliko ilivyo. Niliambiwa niache siku kadhaa kabla ya kupimwa. Nilipopimwa tena ilikuwa 9. Dada, wewe unameza kitu kama hicho?

#25 Binti wa Menengai
Vimo kabatini. Nimekwenda kuvitazama sasa hivi na kikopo kimebaki na vitano. Sikumbuki kama wiki ile ya kupimwa nilikuwa nikivimeza au nilikuwa nimesahau, kwa sababu huvimeza ninapovikumbuka.

#26 Mwalimu wa Bungoma
Hapo jengo langu lote la #6 limetikisika, maana lilisimama juu ya nguzo moja ya 2.3. Kama namba yenyewe haiaminiki, basi chai imerudi mashtakani pamoja na vidonge vya damu.

#27 Mfamasia wa Ziwani
Ninakubali kurudishiwa goli langu. Niongeze na la nyongeza: vidonge hivi haviwekwi jikoni juu ya friji wala dirishani. Joto, mwanga na unyevu huvipunguza nguvu, na kwenye pakiti nyingi wameandika visizidi nyuzi 25. Hapa Kisumu mchana hiyo hupita kwa urahisi, kwa hiyo mimi huwaambia wateja wangu watafute chumba chenye baridi zaidi nyumbani, na kwa kawaida ni kile cha kulala.

#28 Sista Mstaafu
Binti, kama huwezi kuivumilia asubuhi ya Nakuru bila chai, muulize daktari wako kuhusu kukimeza kidonge usiku unapokwenda kulala, ikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu ulipokula. Wapo wanaofanya hivyo na damu yao ikakaa vizuri. Vidonge vya damu navyo vipelekee mchana.

#29 Mizania ya Jikoni
Na mafuta, ukipenda, kwa kijiko.

#30 Binti wa Menengai
Nimerudi baada ya siku nne. Nimezungumza na daktari, nimeacha vidonge vya nywele, na kidonge nakimeza usiku kwa maji. Nitapimwa baada ya wiki sita. Mafuta nilianza kuyapima juzi, na sitaki kuandika hapa nilichokiona. Kuhusu kukoroma, mume wangu alicheka kabla hajajibu, na sijaamua jibu lake lilikuwa lipi.

Lakini kuna jambo lililonikera. Uzito wangu huupima kwa kijana mmoja mwenye mizani ya miguu kando ya kituo cha matatu, shilingi kumi kwa kila mtu. Leo nilimkuta ameihamisha kutoka kwenye ile changarawe yake ya siku zote hadi kwenye saruji mbele ya duka. Nikapanda, ikasoma 84. Nikamwambia airudishe kwenye changarawe, nikapanda tena, ikasoma 81. Alidai shilingi ishirini.

#31 Cherehani ya Manyatta
Mimi tangu arusi ile situmii mizani. Chukua tepu ya kupimia, uipitishe kiunoni juu ya kitovu asubuhi kabla ya kula, uandike ukutani nyuma ya mlango. Tepu haijali changarawe.

#32 Mwalimu wa Bungoma
Swali linabaki: ile 84 ya mwaka jana ilipimwa kwenye changarawe au kwenye saruji?

#33 Binti wa Menengai
Ilipimwa kliniki.

#34 Mzee wa Kondele
Basi, binti yangu, naomba unirudishie pakiti yangu moja na nusu ya unga.